Taa Nyekundu Kati Yangu na Baba

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2024, kuanzia mwezi wa tisa hivi, nilikuwa na uhakika kwamba mume wangu ana mtu. Saa sita usiku nanyoosha mkono kitandani, hayupo. Nachungulia sebuleni, nakuta taa imezimwa, baba watoto kainamia laptop, uso unamulikwa na kioo, na anatabasamu. Mwanamke gani asiyejua maana ya tabasamu la saa sita usiku?

Siku ya nne nikamvizia. Nikanyata miguu peku mpaka nyuma ya kiti chake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: picha, meseji, namba iliyoandikwa "Fundi Bomba". Nikakuta treni. Yaani vitreni vidogo kama siafu, vinatembea kwenye reli, vinaingia stesheni, vinapakia, vinatoka. Nikasimama pale nikiwa na hasira isiyo na pa kwenda.

"Ndiyo hiki kinachokutoa kitandani?"

"Kaa uone," akaniambia, bila hata kugeuka.

Msomaji mwenzangu, nilikaa. Sikukaa kwa upendo, nilikaa ili nimjue adui yangu. Na mpaka leo sijasimama vizuri.

Gemu lenyewe linaitwa OpenTTD. Si la jana. Mskoti mmoja, Chris Sawyer, alitengeneza gemu la Transport Tycoon lililotoka mwaka 1994, na mwaka 2004 watu wengine wakatoa toleo lao la kugawa bure, ndiyo hiyo OpenTTD. Unaanza mwaka 1950 ukiwa na mkopo. Unajenga reli kutoka machimbo ya makaa ya mawe hadi mtambo wa umeme, unanunua kichwa cha treni na mabehewa, unasubiri hela. Siku moja ya ndani ya gemu ni kama sekunde mbili, na mwaka mzima unakatika kwa dakika 12 hivi. Mzigo ukichelewa njiani, malipo yanapungua. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, mambo ya hela inayopungua nayaelewa haraka.

Treni moja kwenye reli moja haina shida. Shida inaanza ukinunua ya pili. Reli ni moja, treni mbili, zikikutana je? Hapo ndipo baba watoto akanifundisha taa.

Akanieleza hivi, na mimi nakueleza kwa lugha ya nyumbani. Kama umewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye bafu moja, unajua desturi: ukikuta kanga imetundikwa juu ya mlango, kuna mtu ndani. Hubishi hodi, unasubiri na ndoo yako. Reli nayo hukatwa vipande kwa taa, na kila kipande ni bafu. Treni ikiwa ndani, taa ya nyuma yake inakuwa nyekundu, hakuna mwingine wa kuingia. Ikitoka yote, mpaka behewa la mwisho, taa inarudi kijani. Ukiweka taa nyingi kwenye reli ndefu, umejenga mabafu mengi, na treni nyingi zinafuatana bila kugongana. Usipoweka taa hata moja, reli nzima ni bafu moja, na treni zako kumi zinapanga foleni na ndoo.

Nikasema kumbe ni hili tu! Ndani ya wiki moja nikawa na kampuni yangu. Nikajenga stesheni kubwa yenye majukwaa manne, reli zikitoka pande tatu na kukutana mbele yake. Nikatapakaza taa kila mahali kama mapambo ya harusi. Nikaenda jikoni kugeuza ndizi, nikarudi. Hakuna treni hata moja iliyokuwa inatembea.

Niliangalia nusu saa bila kuelewa. Majukwaa yote manne yalikuwa na treni zilizokwisha pakia, zinataka kutoka. Pale kwenye makutano, mbele ya stesheni, kulikuwa na treni nyingine inataka kuingia. Ile ya nje inangoja jukwaa liwe wazi. Zile za ndani zinangoja makutano yawe wazi. Kila moja inangoja mwenzake aanze. Hakuna iliyovunja sheria. Zote zimetii taa, na zote zimekwama.

Kama unapanda daladala za Dar, hili umeliona kwenye makutano ya Buguruni. Mbele kuna foleni, dereva anaona kabisa hakuna nafasi, lakini kwa kuwa pale katikati ni peupe, anaingia. Sasa kasimama katikati, wa kulia hapiti, wa kushoto hapiti, na wale ambao wangetoka ili yeye apate nafasi ndio amewazibia. Taa ya kawaida kwenye gemu inauliza swali moja tu: je, kipande cha mbele yangu ni kitupu? Haiulizi: je, nikishaingia, nina pa kutokea?

Mimi sina subira, na hili nyumbani wanalijua. Kuna kitufe cha kulazimisha treni ipite hata kama taa ni nyekundu. Nikasema potelea mbali, nikaibonyeza treni ya makaa ya mawe. Ikang'oka kwa kiburi, ikavuka taa, ikakutana uso kwa uso na treni ya abiria. Moto, moshi, na gazeti zima likafunguka kwenye kioo kutangaza idadi ya waliokufa.

Baba watoto alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema neno ambalo sidhani alilipima: "Wewe mtoto wa stesheni masta mzima unagonganisha treni? Si umpigie mzee akufundishe?"

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nikafunga laptop nikaenda kulala.

Sasa nikueleze kwa nini sebule ilipoa vile. Baba yangu alitumikia reli ya kati maisha yake yote ya kazi. Nimezaliwa kwenye kota za reli, nimelala usingizi wa utotoni nikisikia mabehewa yakigongana. Alianzia stesheni ndogo ndogo za porini, akamalizia Tabora, na huko ndiko alikojenga. Wanaojua reli wanajua Tabora ni nini. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Enzi za baba, treni ya abiria ikitoka Dar ilikatwa pale pale: mabehewa haya Kigoma, mabehewa yale Mwanza. Nimekulia kwenye makutano, nikaja kuyashindwa kwenye laptop.

Mama yetu alifariki mwaka 2019. Mwanzoni mwa mwaka 2023 baba akatuita watoto wake, akatuambia anaoa. Mwanamke mwenyewe amenizidi miaka saba tu. Kikao kilikuwa na wajomba na mashangazi, chai ilikuwa haijapoa, na mimi, kifungua mimba, nikasimama nikasema: "Huyo hatakuwa mama yangu, na nyumba hii sitaikanyaga tena." Nikabeba mkoba wangu nikatoka. Baba hakusema kitu. Alikuwa anaangalia kikombe chake.

Baada ya hapo, kimya. Hela ya matumizi nilikuwa namtumia kupitia kaka yangu, ili nisisikie sauti yake. Idi zikapita, misimu ya maembe ikapita. Watu wakiniuliza nilikuwa nawajibu: "Acha muda upite, mambo yatajiweka sawa yenyewe." Nililiamini kabisa hilo. Nilidhani muda unafanya kazi hata ukiwa umelala.

Baada ya ile ajali ya kwenye kioo, nikaanza kusoma habari za taa za reli, za kweli, siyo za gemu. Ndipo nikakutana na habari ya Armagh, kule Ireland. Zamani, kwenye reli nyingi za Uingereza na Ireland, treni zilitenganishwa kwa dakika. Ya kwanza imeondoka, mtu anaangalia saa, dakika zilizopangwa zikiisha, ya pili inaruhusiwa. Hakuna aliyeuliza kama ile ya kwanza imefika. Wanadhani tu kwamba kwa muda huo lazima itakuwa imeshapita.

Tarehe 12 mwezi wa sita, mwaka 1889, treni iliyojaa watu wa matembezi ya shule ya Jumapili, wengi wao watoto, ilikwama kwenye mlima nje ya Armagh. Wahudumu wakaamua kuikata ili kichwa kipande na mabehewa ya mbele. Yale mabehewa ya nyuma yakaachia, yakarudi kwa kasi mteremkoni, na chini kulikuwa na treni nyingine inakuja, imeruhusiwa kwa saa. Watu wapatao 80 walikufa. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyowezesha kulazimisha reli za abiria ziache kuhesabu dakika na zitumie vipande: treni haiingii mpaka ijulikane kwa hakika kwamba iliyotangulia imetoka.

Nilisoma hiyo habari dukani, mchana, wateja wakinisubiri na bei za mabati. Nikaona aibu. Miezi ishirini na kitu nilikuwa nahesabu dakika. Hata siku moja sikuuliza kama njia ni nyeupe.

Usiku ule nikapiga simu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kama hotuba. Simu ikapokelewa na mwanamke.

Jamani, ningeweza kukata. Kidole kilikuwa pale pale. Amenizidi miaka saba, na kwetu saba ni mingi ya kutosha kwa salamu, ila nilikuwa nimeapa. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Shikamoo mama."

Upande wa pili kukawa kimya kidogo. Kisha: "Marahaba mwanangu. Ngoja nimpelekee baba, yuko nje." Hakuongeza neno. Mpaka leo namshukuru kwa kutoongeza neno.

Baba akaja. "Nani?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Kimya. Nikahisi hotuba yote imepotea. Nikajikuta nasema, kama mtoto wa darasa la tatu: "Baba, hivi wewe ulikuwa unajuaje kama treni iondoke au isiondoke?"

Sijui alishangaa kiasi gani. Lakini mzee aliyefanya kazi moja maisha yake yote, ukimuuliza kazi yake, anajibu hata kama amekununia. Akakohoa. "Unauliza stesheni ya mbele," akasema. "Unapiga simu. Unasema nina treni hapa, unaipokea? Yeye anaangalia reli yake. Kama ana treni njiani, anakukatalia. Kama njia ni nyeupe na ana nafasi ya kuiweka, anakubali, mnaandika wote wawili kwenye vitabu vyenu. Hapo ndipo unampa dereva kibali. Bila hicho, hata aje waziri, treni haitoki."

"Na kama hajibu?"

"Unapiga tena. Huwezi kudhani. Kazini kwetu kudhani ilikuwa kosa."

Nikamsimulia makutano yangu yaliyokwama. Ilibidi kwanza nimweleze kwamba ni gemu, akaguna. Lakini nilipomwambia treni ya nje inangoja za ndani na za ndani zinangoja ya nje, akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mama alale. "Umeiruhusu kuingia wakati huna pa kuiweka," akasema. "Ungeiacha mbali huko ingoje. Treni inayongoja mahali pake haimzuii mtu."

Baada ya simu, nikakaa na baba watoto tukalitengeneza lile stesheni. Gemu hili, tangu mwaka 2009, lina aina nyingine ya taa, wenyewe tunaziita taa za njia. Taa ya njia haiulizi tu kama mbele ni patupu. Treni ikifika hapo, inajiwekea njia yake yote kuvuka makutano mpaka mahali salama pa kusimama, iwe ni jukwaani au kwenye taa inayofuata. Ikipata njia kamili, inapita. Ikikosa, inabaki nje. Na kwa sababu kila treni inashika vipande vile tu inavyohitaji, treni mbili zinaweza kuvuka makutano kwa wakati mmoja mradi njia zao hazigusani. Taa zangu za zamani ziliona makutano yote kama bafu moja.

Kanuni tulizozipata ni chache. Weka taa ya njia pale treni inapoingia makutano. Usiweke taa katikati ya makutano, maana taa ni mahali pa kusimama, na ukimpa mtu mahali pa kusimama atasimama. Na baada ya makutano, taa ya kwanza iwe mbali kiasi cha urefu wa treni yako ndefu kuliko zote, ili ikisimama hapo mkia wake usibaki umelala kwenye njia ya wenzake. Nilikuwa nimeweka yangu karibu mno. Treni ilidhani imeshatoka, kumbe nusu yake bado imeziba.

Lakini kanuni hizo zinazuia kukwama kupya tu. Zile treni zilizokuwa zimekwama tayari hazikufunguka kwa sababu nimebadilisha taa. Zilibaki pua kwa pua. Ilibidi nichague moja niiamuru igeuke, irudi ilikotoka. Nilichagua ile ya nje, iliyoingia bila nafasi. Ikarudi taratibu, makutano yakafunguka, na zile nyingine zikaanza kutoka moja baada ya moja. Na ile iliyorudi nyuma ikaja tena baadaye, ikapata jukwaa.

Mwezi wa kumi na mbili tukaenda Tabora. Tulipanda treni ya umeme ya reli mpya kutoka Dar hadi Dodoma, iliyoanza safari hizo mwaka ule ule wa 2024, watoto wakashangilia mwendo, mimi nikahesabu taa dirishani mpaka baba watoto akaniambia niache. Tukalala Dodoma, kesho yake tukapanda basi. Nilipofika mlangoni kwa baba miguu ilikuwa mizito. Nilikuwa nimesema sitaikanyaga nyumba ile, na mashangazi zangu wawili walionisikia nikisema walikuwa wamekaa barazani wananiangalia nikiikanyaga.

Sikudanganyi kwamba yote yaliisha siku ile. Kiti cha mama kimehamishwa, na niliona. Mama mdogo anapika wali kwa namna yake, siyo ya mama. Usiku wa pili nikamwomba baba tukae nje, watu wawili tu, nikamwambia: "Baba, siku ile nilikosea. Niliingia bila kuuliza." Akaitikia kwa kichwa. Akasema na yeye angeweza kutuambia mapema, mmoja mmoja, kabla ya kutukusanya mbele ya wajomba. "Na mimi sikupiga simu mbele," akasema. Basi, ikawa hivyo.

Asubuhi nikamfungulia laptop. Akavaa miwani, akaangalia stesheni yangu kwa muda mrefu. Akauliza kwa nini nina reli mbili mbili, wao walikuwa na moja na kazi ilikwenda. Akauliza anayepokea simu yuko wapi. Nikamwambia hakuna, taa zenyewe ndizo zinaulizana. Hakuridhika. Mama mdogo akaleta chai, akainama kuangalia na yeye, akasema ile treni nyekundu imesimama muda mrefu sana, ina nini?

"Inangoja," baba akamjibu. "Ngoja, utaona."

Tukakaa watatu tukaiangalia.

Msomaji mwenzangu, huenda na wewe kuna mtu umemwachia muda akuponyee. Sijui nani alianza kati yenu, na sikuulizi. Nakuuliza tu kama umeshapiga simu stesheni ya mbele. Akikataa leo, ngoja mahali pako, halafu piga tena.